Rekodi ya machapisho ya mtafiti wa kinga ya mwili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwanafunzi anayetafuta msimamizi wa shahada ya uzamivu, mjumbe wa kamati ya kupandisha vyeo, mwandishi wa habari anayetaka kujua kama "mtaalamu" aliyepigiwa simu kweli ni mtaalamu, na mtafiti mwenyewe anayetaka rekodi yake isomeke sawasawa. Mifano yote ni ya elimu ya kinga ya mwili, kwa sababu namba zilezile zina maana tofauti katika hisabati au historia.

Nianzie wapi kupata orodha ya makala zake?

Anza PubMed, hifadhidata ya makala za tiba na biolojia. Ni bure, haihitaji kujisajili, na makala nyingi muhimu za kinga ya mwili zimo. Usiandike jina tupu kwenye kisanduku. Andika jina la ukoo, herufi ya kwanza ya jina lake, kisha alama ya uwanja: *Kariko K[au]*. Alama [1au] huleta makala ambazo yeye ni wa kwanza kutajwa, [lastau] huleta zile ambazo ni wa mwisho, na [ad] hutafuta taasisi. Kwa hiyo *Kariko K[1au] AND Weissman D[lastau]* inakupeleka moja kwa moja kwenye kazi ambazo Katalin Karikó ametangulia na Drew Weissman amefunga orodha.

Badilisha mpangilio wa matokeo kutoka "Best match" kwenda tarehe ya kuchapishwa. Bila hivyo utaona makala ambazo mashine imeona zinalingana zaidi na maneno yako, nawe utadhani ndiyo historia yake. Kisha bofya "Save", chagua matokeo yote na umbo la CSV, ufungue faili hilo kwenye jedwali. Jedwali lenye safu za mwaka, jarida, nafasi ya jina na aina ya makala litakufaa kuliko namba yoyote utakayopewa na tovuti.

Baada ya hapo tafuta ORCID yake, yaani namba ya utambulisho wa mtafiti. Ni tarakimu 16 katika mafungu manne, na ya mwisho huweza kuwa herufi X. Mfumo huu ulianza mwaka 2012. Ndani ya ORCID, kila kazi huonyesha chanzo chake: kama imeletwa na Crossref (sajili ya makala) au Scopus, imetoka kwenye hifadhidata, kama chanzo ni jina la mtafiti mwenyewe, ameiandika kwa mkono. Ya mkono si lazima iwe ya uongo, ila ihakiki kwa DOI yake (namba ya kudumu ya makala).

Mbona Google Scholar inampa marejeleo (mara ambazo kazi zake zimetajwa na wengine) mengi kuliko Scopus na Web of Science?

Kwa sababu kila moja ya hifadhidata hizi inahesabu vitu tofauti. Google Scholar hukusanya chochote chenye sura ya kitaaluma: makala za majarida, tasnifu, sura za vitabu, ripoti, makala za awali (zilizowekwa hadharani kabla ya kupitiwa), hata slaidi za mihadhara zilizowekwa kwenye tovuti ya chuo. Scopus na Web of Science huhesabu majarida, vitabu na mikutano waliyoichagua tu. Kwa mtafiti yuleyule, Google Scholar karibu daima ndiyo ya juu.

Tofauti hiyo si kosa, mradi usichanganye. Kosa ni kulinganisha mtu A kwa Google Scholar na mtu B kwa Scopus, jambo linalotokea kwenye kamati mara nyingi kuliko inavyokubalika. Chagua hifadhidata moja, andika tarehe uliyoangalia, na uitumie kwa wote.

Wasifu wa Google Scholar una tabia moja ya kuangaliwa: mwenye wasifu akiruhusu, mfumo huongeza wenyewe makala unazodhani ni zake. Ndiyo maana unaweza kumkuta mtaalamu wa seli T (aina ya seli za kinga) ana makala ya ufugaji wa samaki. Shuka hadi chini ya orodha, penye makala zilizorejelewa mara chache, kwa sababu huko ndiko takataka hujificha. Ukiona kinyota pembeni ya idadi ya marejeleo, ujue makala mbili au zaidi zimeunganishwa, na huenda hesabu imechukua marejeleo yasiyo yake.

PubMed nayo si chombo cha kuhesabu marejeleo. Sehemu yake ya "Cited by" haioni marejeleo yote, kwa hiyo namba yake ni ndogo sana. Usiinukuu popote.

Jina lake linafanana na la watu wengine. Nitawatenganishaje?

Hili ni tatizo kubwa kwa majina yetu. Mtu mwenye jina lake, la baba na la babu hana jina la ukoo kwa maana ya majarida ya Ulaya. Makala ya kwanza itamweka chini ya jina la babu, ya pili chini ya jina la baba, na ya tatu itaunganisha mawili kwa kistari. Scopus inaweza kumtengenezea wasifu watatu, na fahirisi-h yake (kipimo cha marejeleo kinachoelezwa hapa chini) ikagawanyika mafungu matatu. Upande wa pili, Wachina wenye jina la ukoo Wang au Zhang na herufi moja ya jina hukusanywa pamoja hata kama ni watu mia.

Tumia vitu vitatu kwa pamoja: taasisi, waandishi wenza na mada. Taasisi peke yake haitoshi, maana watafiti huhama. Faith Osier, Mkenya aliyekuwa rais wa Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Elimu ya Kinga (IUIS) kuanzia 2019 hadi 2022, amefanya kazi Kilifi, Heidelberg na London. Ukimtafuta kwa anwani ya mji mmoja unapoteza sehemu kubwa ya kazi yake. Mada, kwa upande wake, haihami sana: ukiona kingamwili (protini za kinga) dhidi ya vimelea vya malaria kwenye miji yote mitatu, umeshapata uzi.

Kwa makala za zamani kuna mtego mwingine. Kati ya 1984 na 1995 hifadhidata iliyo nyuma ya PubMed iliandika majina kumi ya kwanza tu. Majina yote yalianza kuandikwa tena kuanzia 2000. Mtu aliyekuwa wa kumi na mbili kwenye makala ya 1990 huenda hayumo kabisa, ingawa jina lake limo kwenye karatasi yenyewe.

Fahirisi-h ni nini, na inahesabiwaje?

Ilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Mtafiti ana fahirisi-h ya 20 kama ana makala 20 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 20.

Kuihesabu kwa mkono ni rahisi. Panga makala kuanzia iliyorejelewa zaidi, kisha zipe namba za mstari. Tuseme mtu ana makala kumi zenye marejeleo haya: 210, 96, 41, 30, 22, 9, 7, 6, 2, 0. Shuka mstari kwa mstari. Mstari wa saba una 7, unatosha. Mstari wa nane una 6, hautoshi. Fahirisi-h yake ni 7. Ile i10 ya Google Scholar, yaani idadi ya makala zilizorejelewa angalau mara kumi, ni 5.

Sasa badilisha ile 210 iwe 21,000. Fahirisi-h inabaki 7. Hapo ndipo udhaifu wake ulipo: haitofautishi aliyebadilisha taaluma kwa makala moja na aliyechapisha kazi saba za kawaida. Tena haishuki kamwe. Mtu akistaafu leo, fahirisi yake itaendelea kupanda polepole kwa sababu makala zake za zamani bado zinarejelewa.

Fahirisi-h ya ngapi ni nzuri kwa mtaalamu wa kinga ya mwili?

Hakuna namba moja, na anayekupa moja anakurahisishia mambo kupita kiasi. Inategemea umri wa kazi, tawi na nafasi ya jina.

Kwa umri, Hirsch mwenyewe alipendekeza kugawa h kwa miaka tangu makala ya kwanza. Hesabu hiyo husaidia kidogo, ila inawaumiza waliochapisha makala moja wakiwa wanafunzi wa tiba kisha wakakaa wodini miaka sita, na wanawake waliosimama kwa ajili ya uzazi.

Tawi lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kinga dhidi ya saratani na kinga dhidi ya COVID-19 zina maelfu ya maabara zinazoandika na kurejeleana. Kinga dhidi ya minyoo, ukoma au magonjwa ya mifugo ina maabara chache. Makala bora ya kinga dhidi ya kichocho inaweza kuwa na marejeleo 60 baada ya miaka kumi na bado kila anayefanya kazi hiyo akawa ameisoma. Kwa hiyo tumia vipimo vilivyorekebishwa kwa tawi: Scopus ina FWCI, ambapo 1.00 ni wastani wa dunia kwa makala za aina, mwaka na fani hiyo; Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zina iCite, ya bure, inayotoa RCR, ambapo 1.0 ni kiwango cha makala ya katikati kati ya zile zinazofadhiliwa na taasisi hizo. Kwa iCite unabandika orodha ya namba za PubMed na unapata jedwali papo hapo. Angalia thamani ya katikati pamoja na wastani, maana makala moja kubwa inaweza kuvuta wastani wote juu.

Jarida lenye kipimo kikubwa cha athari halithibitishi kwamba makala ni nzuri?

Halithibitishi. Kipimo hicho, Journal Impact Factor, ni mali ya jarida, si ya makala wala ya mtu. Ile ya 2024 ni jumla ya marejeleo yaliyofanywa mwaka 2024 kwa vitu ambavyo jarida lilichapisha 2022 na 2023, ikigawanywa kwa idadi ya makala za utafiti na za mapitio (zinazojumlisha kazi za wengine) za miaka hiyo miwili. Marejeleo 900 kwa makala 300 yanatoa 3.0. Juu ya mstari wa kugawanya huingia marejeleo ya kila kitu, zikiwemo tahariri na barua. Chini zinahesabiwa makala tu. Na kwa kuwa makala chache hubeba marejeleo mengi, makala nyingi ndani ya jarida ziko chini ya wastani wa jarida lenyewe. Aliyeanzisha wazo hili, Eugene Garfield, alikuwa akiwasaidia wakutubi kuchagua majarida.

Mfano mzuri ni Shimon Sakaguchi. Makala yake ya 1995 iliyoonyesha kwamba seli T zenye alama CD25 huzuia mwili usijishambulie ilitoka kwenye Journal of Immunology, jarida la chama, linaloheshimika lakini si lile ambalo kamati hushangilia. Mwaka 2025 alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell. Kamati inayohesabu pointi kwa jina la jarida ingeipa makala ile alama za kawaida.

Tangu 2013 kuna Azimio la San Francisco, DORA, linalotaka vipimo vya majarida visitumike kupima mtu. Taasisi nyingi zimetia sahihi. Utekelezaji ni habari nyingine.

Makala ikirejelewa sana, maana yake wanasayansi wanakubaliana nayo?

Hapana. Kurejelewa ni kutajwa tu. Makala ya Andrew Wakefield na wenzake ya 1998 kwenye The Lancet, iliyohusu watoto 12 na kuzua hofu juu ya chanjo ya surua, imerejelewa mara nyingi sana, na sehemu kubwa ni ya watu wanaoipinga. Kumi kati ya waandishi wake waliikana tafsiri yake mwaka 2004, na jarida likaibatilisha Februari 2010.

Marejeleo mengine ni ya kimbinu. Makala iliyotajwa kuliko zote katika historia ya sayansi ni ya mwaka 1951 kuhusu namna ya kupima protini. Watu huitaja kwa sababu walitumia kipimo hicho. Makala ya 1971 ya Eva Engvall na Peter Perlmann iliyoleta ELISA, kipimo cha maabara, iko katika kundi hilo. Kinyume chake hutokea pia: jambo likishakuwa la kawaida, watu huacha kutaja chanzo. Köhler na Milstein walieleza mwaka 1975 jinsi ya kutengeneza kingamwili za aina moja, lakini siku hizi mtu hununua chupa ya kingamwili hizo, akaandika jina la kampuni na namba ya bidhaa, basi.

Unachopaswa kufanya ni kufungua makala kumi zinazomrejelea, usome sentensi yenyewe. Je, wanajenga juu ya matokeo yake, wanayapinga, au jina lake limo kwenye mabano pamoja na mengine manane katika aya ya utangulizi? Nusu saa ya kazi hii inazidi fahirisi zote.

Nitajuaje kama anajirejelea mwenyewe?

Scopus na Web of Science zina chaguo la kuondoa marejeleo ya mtu kwa kazi zake. Google Scholar haina. Kujirejelea kwa kiasi ni kawaida, hasa kwa anayefuatilia kundi moja la watu kwa miaka mingi, kama vile watoto wa kijiji kimoja wanaopimwa kingamwili kila msimu wa mvua. Hawezi kueleza makala ya tano bila kutaja ya kwanza. Shaka ianze pale fahirisi inapoporomoka sana baada ya kuyaondoa, au pale marejeleo mengi yanapotoka kwenye kundi dogo la waandishi walewale na majarida mawili matatu yaleyale.

Makala ina majina arobaini. Nani kafanya nini?

Katika elimu ya kinga, kwa desturi, wa kwanza ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi ya maabara au uchambuzi, mara nyingi mwanafunzi au mtafiti kijana. Wa mwisho ndiye kiongozi wa maabara. Waliosawazishwa kwenye nafasi ya kwanza huwekewa kinyota na maelezo chini kwamba wamechangia sawa. Usikose kusoma maelezo hayo, kwa sababu hifadhidata nyingi hazionyeshi. Katikati ni mchanganyiko: aliyepima seli siku mia mbili na aliyetoa sampuli tano wanaweza kuwa jirani.

Mpangilio huo unaweza kuzua ugomvi mkubwa. Makala ya 1996 kwenye Cell iliyoonyesha kwamba jeni ya Toll humkinga inzi dhidi ya kuvu ina Bruno Lemaitre wa kwanza na Jules Hoffmann wa mwisho. Hoffmann alipopewa Nobel mwaka 2011, Lemaitre alilalamika hadharani kuhusu namna sifa ilivyogawanywa. Msomaji wa nje hawezi kuamua kesi kama hiyo kwa kuangalia majina.

Siku hizi majarida mengi huweka aya ya michango mwishoni, wakitumia mfumo wa CRediT wenye majukumu 14: aliyebuni wazo, aliyekusanya data, aliyechambua, aliyetafuta fedha na kadhalika. Isome. Ukimkuta mtu ana makala 80 na katika 70 kati yake jukumu lake ni "rasilimali" tu, umejifunza jambo ambalo fahirisi-h isingekuambia.

Kwa Afrika Mashariki angalia zaidi. Jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya malaria ya RTS,S lilifanyika kwenye vituo 11 katika nchi saba za Afrika, vikiwemo Bagamoyo na Korogwe, Kilifi, Kombewa na Siaya, na liliwahusisha watoto 15,459. Ripoti yake ya mwisho ya 2015 kwenye The Lancet imechapishwa kwa jina la ushirika mzima, na majina ya watu yameorodheshwa ndani. Mtafiti wa kituo anayeiweka kwenye wasifu wake hadanganyi, lakini aeleze alifanya nini. Na kama miaka inapita, sampuli zinatoka hapa, na mtafiti wa hapa yuko katikati tu siku zote, swali si la uwezo wake. Swali ni nani anashika fedha.

Makala za mapitio zihesabiwe?

Zihesabiwe kando. Mapitio kwenye Nature Reviews Immunology au Annual Review of Immunology hurejelewa kwa wingi kwa sababu yanampunguzia mwandishi kazi ya kutaja makala ishirini za asili. Kuyaandika ni heshima, mara nyingi hualikwa mtu anayejulikana. Lakini hayana ugunduzi mpya. Kwenye PubMed ongeza *NOT review[pt]* mwishoni mwa utafutaji wako, uone kinachobaki. Baadhi ya rekodi hupungua kwa nusu.

Makala ya awali iliyo kwenye hifadhi za mtandaoni bioRxiv au medRxiv ni chapisho?

Ni kazi ya kweli iliyo hadharani, ila haijapitiwa na wataalamu wengine kwa niaba ya jarida. Iandikwe hivyo, bila kuificha miongoni mwa makala zilizopitiwa. Angalia kama ina kiungo cha toleo lililochapishwa. Ya miaka minne iliyopita isiyo na kiungo inastahili swali la upole: ilikataliwa, iliachwa, au mwanafunzi aliondoka? Na usihesabu mara mbili makala ya awali na toleo lake la jaridani.

Nitalitambuaje jarida la kitapeli?

Dalili ni hizi: barua pepe inayokuita "Mheshimiwa Profesa" wakati wewe ni mwanafunzi, ahadi ya kupitia makala ndani ya siku tatu, kipimo cha athari kilichotolewa na kampuni usiyowahi kuisikia, na bodi ya wahariri yenye majina ya watu wasiojua kama wamo. Orodha maarufu ya majarida ya kitapeli ya Jeffrey Beall ilifungwa Januari 2017, kwa hiyo nakala zake zinazozunguka mtandaoni zichukuliwe kwa tahadhari.

Uhakiki wa maana ni kuingia katalogi ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani na kuangalia kama jarida limo *kwa sasa* kwenye MEDLINE, orodha ya majarida yaliyochaguliwa na maktaba hiyo. Kuonekana PubMed hakutoshi, maana makala moja moja huingia PubMed kupitia PMC (hifadhi ya makala kamili) kwa sharti la mfadhili. Kwa majarida huria (yanayosomwa bure) angalia orodha ya DOAJ. Kwa majarida ya Afrika angalia AJOL, na usifanye kosa la kudhani jarida la nyumbani ni la kitapeli kwa kuwa halimo Web of Science. East African Medical Journal na Tanzania Journal of Health Research yamebeba kazi ambazo majarida ya ng'ambo hayakuzitaka kwa kuwa ziliihusu wilaya moja.

Ada pia haithibitishi chochote. Nature Immunology ilipoanza ufikiaji huria mwaka 2021 ada ilikuwa euro 9,500 kwa makala, na hakuna anayeliita la kitapeli. Mtafiti asiye na ruzuku huomba msamaha wa ada kabla ya kutuma makala. Akisubiri hadi ikubaliwe, mara nyingi huwa amechelewa.

Nikague vipi makala zilizobatilishwa au zenye picha zenye shaka?

Kwenye PubMed makala iliyobatilishwa huwekewa tangazo linaloonekana juu ya ukurasa. Hifadhidata ya Retraction Watch, ambayo Crossref iliichukua mwaka 2023, hutafutwa bure kwa jina la mwandishi. Kisha angalia PubPeer, ambako wasomaji hujadili makala, mara nyingi bila kutaja majina yao.

Elisabeth Bik na wenzake walipitia makala 20,621 na mwaka 2016 wakaripoti kwamba asilimia 3.8 zilikuwa na picha zilizojirudia isivyofaa. Katika elimu ya kinga macho yaende kwenye picha za mistari ya protini na michoro ya nukta za seli: nukta za panya wawili tofauti haziwezi kufanana moja kwa moja.

Ila soma tangazo lenyewe kabla ya kuhukumu. Kuna makala hubatilishwa kwa sababu mtafiti mwenyewe aligundua kuwa seli alizonunua si zile zilizoandikwa kwenye chupa, akaripoti. Huyo ni wa kuaminiwa zaidi.

Mbali na marejeleo, athari yake naitafutia wapi?

Hapa rekodi nyingi zina utajiri usioonekana. Angalia sajili za majaribio: ClinicalTrials.gov, na PACTR kwa Afrika. Angalia patenti kwenye PATENTSCOPE, ambayo ni bure. Angalia kama data zake zimewekwa kwenye hifadhi za GEO au ImmPort, na kama wengine wamezitumia. Angalia nyaraka za Shirika la Afya Duniani: pendekezo la kutumia RTS,S kwa watoto lilitolewa Oktoba 2021, na nyuma yake kuna miongo ya makala ambazo huenda hakuna moja iliyovunja rekodi ya marejeleo.

Utafiti wa kinga dhidi ya malaria una mfano wa zamani unaofaa kukumbukwa. Mwaka 1961 Cohen, McGregor na Carrington walichapisha kwenye Nature kwamba kingamwili kutoka kwa watu wazima wa Gambia zilishusha vimelea kwa watoto wagonjwa. Miaka miwili baadaye waliripoti kuwatibu wagonjwa wa Afrika Mashariki kwa kingamwili za Afrika Magharibi. Kila anayetafuta chanjo ya malaria inayolenga hatua ya damu bado anasimama juu ya kazi hiyo, awe ameitaja au la.

Ana makala chache tu. Tumwache?

Usimwache kabla ya kuzisoma. Mary Brunkow alifanya kazi kwenye kampuni ya teknolojia ya kibayolojia, na kampuni hazilipi watu kwa idadi ya makala. Makala ya 2001 kwenye Nature Genetics, yeye wa kwanza na Ramsdell wa mwisho, ndiyo iliyotambua jeni ya Foxp3 kwa panya wanaokufa kwa kinga iliyokosa breki. Orodha yake ni fupi ukilinganisha na maprofesa wengi ambao hawatapata Nobel.

Muda nao hudanganya. Makala ya Karikó na Weissman ya Agosti 2005 kwenye Immunity ilionyesha kwamba ukibadilisha baadhi ya nukleosidi (vijenzi) za RNA, vipokezi vya Toll (vitambuzi vya kinga) haviitambui kama adui. Msingi wa chanjo za mRNA umo humo, lakini marejeleo yalifurika baada ya 2020. Aliyeipima miaka mitatu baada ya kuchapishwa, kama kamati nyingi zinavyofanya, aliipima mapema mno.

Natafuta msimamizi. Nitazame nini kabla ya kumwandikia?

Chukua makala zake za miaka mitano iliyopita ambazo yeye ni wa mwisho. Andika majina ya waandishi wa kwanza, kisha wafuatilie: wako wapi sasa? Wanafunzi wanne waliochapisha kama waandishi wa kwanza na kuendelea na kazi ni dalili njema. Ukikuta makala zote zimetanguliwa na mtu mmoja tu, wengine walikuwa wakifanya nini? Tazama pia muda kati ya tarehe ya kupokelewa na ya kukubaliwa, uliochapishwa kwenye ukurasa wa kwanza wa makala. Katika majarida makubwa ya kinga marekebisho ya mwaka mzima si ajabu, na ufadhili wako wa miaka mitatu lazima uyabebe.

Ukimwandikia, taja jedwali au mchoro mmoja wa makala yake na uulize swali kuuhusu. "Nimevutiwa na kazi zako nyingi" huenda moja kwa moja kwenye takataka.

Rekodi ni yangu na ina makosa. Nirekebishe vipi?

Anza na jina: chagua umbo moja na ulitumie hadi ustaafu. Fungua ORCID, iunganishe na Crossref ili makala mpya ziingie zenyewe, na uiweke kwenye kila fomu ya kutuma makala. Scopus ina zana ya bure ya kuomba wasifu uliogawanyika uunganishwe. Hakikisha kwanza makala zote zilizomo ni zako, la sivyo unajiunganisha na mwenzio. Kwenye Google Scholar zima uongezaji wa moja kwa moja, uweke chaguo la kutumiwa barua pepe kwanza, halafu futa zisizo zako hata kama zinakupunguzia namba. Jina lililokosewa ndani ya makala yenyewe halirekebishwi na hifadhidata. Mwandikie mhariri wa jarida uombe sahihisho, lenye DOI yake.

Kamati inataka aya moja kuhusu mchango wangu. Niandike nini?

Chagua makala tatu hadi tano. Kwa kila moja andika sentensi mbili: nini hakikujulikana kabla yake, na wewe ulifanya kipi kwa mikono yako. Kisha ongeza namba chache zenye chanzo na tarehe, kwa mfano: "Scopus, 3 Machi, makala 34, fahirisi-h 14 bila kujirejelea, mwandishi wa kwanza au wa mwisho katika 19." Mapitio yatengwe, makala za awali zitengwe, makala za ushirika zielezwe. Kama kuna miaka mitupu, iseme kwa maneno machache na sababu yake, maana mjumbe atauona mwanya huo hata usipoutaja.